Gramu Mia Tisa

Ukiingia duka la nyama la mji wa Kaltenrode ukataja jina la Ramona Ehrsam, kuna mtu atacheka kabla hujamaliza kulitamka. Atakuambia hacheki kwa ubaya. "Si yule wa madonge? Aliyekula madonge ya mamake mpaka sleji ikazidi uzito?" Mwuzaji atatikisa kichwa huku akikata soseji, na mwingine kwenye foleni atatia chumvi yake: madonge yalikuwa manne, hapana, sita, na msimu wa juzi yalishafika tisa. Watu wazima na akili zao wamesimama mbele ya kaunta ile miaka kumi na minane wakihesabu madonge ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyaona.

Ni uongo mtupu, na waliouanzisha walijua ni uongo siku ileile walipouanzisha.

Ramona alizaliwa mtaa wa juu, karibu na kiwanda cha vioo, ambako mama yake, Hannelore, alipaka rangi mapambo ya Krismasi kuanzia Januari mpaka Novemba. Alikuwa mtoto mkubwa, wa mifupa mizito, akarusha tufe katika shule ya michezo mpaka bega likagoma akiwa na miaka kumi na tisa. Walimu wakamwambia basi, arudi kwao. Siku anatoka getini na begi lake, kocha wa sleji, chombo kile cha kushindania mbio za kuteleza kwenye barafu, Volkmar Hossfeld, mtu mfupi mwenye sauti ya mnadani, akamwangalia kuanzia kiunoni kwenda chini bila haya yoyote.

"Binti, mapaja hayo unayapeleka wapi?"

"Nyumbani."

"Kufanya nini? Kupanda ngazi za kwa mama? Hebu njoo huku."

Akampeleka kwenye reli za mazoezi ya kiangazi, ambako sleji hufungwa magurudumu na kusukumwa kwenye mteremko mfupi. Ramona akaisukuma. Volkmar akatazama saa yake, akaitikisa, akamwambia arudie. Alirudia mara tatu, na mara ya tatu kocha hakuitikisa tena ile saa.

Watu wengi hudhani kazi yote ni ya dereva. Hata pale Kaltenrode, ambako mtoto huzijua kona za njia ya barafu kabla hajajua kuandika jina lake, picha zilizotundikwa ukutani ni za madereva. Sleji ya wanawake ina watu wawili. Dereva hukaa mbele, huona njia, huvuta kamba mbili za usukani, na jina lake ndilo linalotangazwa kwenye kipaza sauti. Mshika breki hukaa nyuma. Ni yeye anayesukuma kwa nguvu zake zote hatua thelathini hivi juu ya barafu, miguuni kavaa viatu vyenye sindano, kisha anaruka ndani, anainamisha kichwa katikati ya magoti na kubaki hivyo mpaka chini. Haoni kitu. Anahesabu kona kwa mbavu zake. Ramona alizijua zote kumi na tano: ya nne inamgonga bega la kushoto, ya tisa inamkaba pumzi, ya kumi na tatu inampiga nyonga palepale ilipompiga jana. Wakishavuka mstari, yeye ndiye wa kuvuta breki.

Mashindano yakiisha, dereva huenda kuzungumza na waandishi wa habari na mshika breki huenda karakana. Huko kuna vyuma vya kutelezea, na vyuma hivyo husuguliwa kwa msasa, kwanza mkali, halafu laini, halafu laini zaidi, saa tatu, saa nne, mpaka anayesugua aone meno yake mwenyewe ndani ya chuma. Kwa miaka saba Ramona alisugua vyuma vya Antje Röder. Vidole vyake vilifutika alama. Ofisi ya vitambulisho ilimrudisha nyumbani mara mbili kwa sababu mashine haikuona kitu.

Antje alikuwa dereva hodari, hilo halina ubishi. Alitoka mtaa wa chini, umri wao mmoja, mwembamba, mcheshi, mwenye mkono mwepesi kwenye kamba. Walikuwa marafiki, au Ramona alidhani hivyo. Jumapili nyingi Antje alikula kwa Mama Hannelore: bata wa kuoka, kabichi nyekundu, na madonge ya viazi makubwa kama ngumi, ndani yake vipande vya mkate uliokaangwa kwa siagi. Tena aliyekuwa akila madonge matano mfululizo pale mezani hakuwa Ramona. Alikuwa Antje.

"Mama, utanizibia nafasi ya usukani," alikuwa akisema huku akiongezewa mchuzi.

"Kula, mwanangu. Wewe siku moja upepo utakuchukua."

Msimu wa Olimpiki ulipokaribia, chama cha mchezo kilipanga mbio tatu za mchujo. Antje na Ramona wakashinda mbili za kwanza, na kwa hesabu ya pointi nafasi ya dereva ikawa ya Antje hata kabla ya ile ya tatu. Ramona alikuwa na miaka ishirini na tisa na nyonga iliyoanza kulia akipanda ngazi. Hakukuwa na Olimpiki nyingine mbele yake, ni hiyo tu, aliyoingoja tangu siku ile ya getini. Mama Hannelore, ambaye hakuwahi kupanda ndege maishani, alishakata tikiti na kununua koti.

Mbio ya tatu ilifanyika nyumbani, Kaltenrode, na hapo ndipo Antje alipoingiwa na tamaa ya rekodi ya njia.

Sleji na wawili waliomo, wakijumlishwa, hawaruhusiwi kuzidi uzito uliowekwa, na kila timu hutaka kuufikia mpaka huo, kwa kuwa uzito ndio unaovuta kuteremka. Walio wepesi hufunga sakafuni mwa sleji vibao vya risasi, yale madini mazito. Ila theluji ikiwa ya majimaji, mwenye akili zake huacha kilo moja ya akiba. Theluji ya namna hiyo huingia ndani ya sleji, hushika kwenye nguo na viatu, na mizani ya kule chini haiulizi kama huu ni uzito wa mtu au wa theluji.

Jana yake Ramona alifunga vibao mwenyewe na kuacha kilo moja. Asubuhi alipanda mizani mbele ya Volkmar, akawa sawasawa na alivyotakiwa, na kocha akaandika kwenye karatasi ya ukutani. Nje theluji ilikuwa ikianguka, nzito, imelowa.

"Nimeacha kilo," Ramona alimwambia Antje. "Ona hii theluji, inanata kama uji."

"Kilo nzima tunaitupa?"

"Hatuitupi. Tunaiacha, itajijaza yenyewe."

"Haya, mama mwenye barafu," Antje akasema akicheka. "Wewe leo kazi yako kusukuma tu."

Wakasukuma. Ramona hajawahi kusukuma vile, kabla wala baada. Aliruka ndani, akainama, akahesabu, ya nne, ya tisa, ya kumi na tatu, na kila kona ilipita upesi kuliko mwili wake ulivyoizoea. Alipovuta breki na kuinua kichwa, watu walikuwa wanapiga kengele na kukumbatiana. Rekodi ya njia ilikuwa imevunjwa. Wakawekwa kwenye mizani, wao na sleji yao, na yule mwenye mizani akasoma, akasoma tena, akamwita mwenzake. Gramu mia tisa zaidi. Matokeo yakafutwa.

Ramona aliipeleka sleji karakana. Akaigeuza ubavu ili afungue vyuma, kama kawaida yake. Chini ya kiti cha dereva palikuwa na kibao cha risasi cha ukubwa wa kiganja, cha kilo moja, kimefungwa kwa skrubu mpya. Usiku wa jana hakikuwepo. Alikuwa bado amekiinamia Antje alipoingia na Volkmar nyuma yake, naye Volkmar akafunga mlango.

"Nilitaka rekodi tu," Antje akasema, na machozi yakaanza. "Nilijua theluji itapungua."

"Ulijua kutoka wapi?"

"Ramona, tulia," kocha akasema. "Huko nje nimeshawapa neno la kuandika. Mzaha tu, kesho kutwa watasahau."

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia wamuulize mama yako. Kwamba madonge yake ni mazito."

"Kocha, nimepima mbele yako leo asubuhi."

"Najua."

"Umeandika kwa mkono wako."

"Najua, binti! Lakini fikiri. Dereva akionekana kaficha risasi, chama kitaiondoa sleji nzima. Hendi yeye, huendi wewe. Mshika breki aliyezidisha kula ni kichekesho. Watacheka wiki moja, na wewe utakuwa uko Olimpiki, utacheka nao."

"Nakuahidi," Antje akasema, akimshika mikono yote miwili. "Sitasukumwa na mtu mwingine. Naapa kwa Mungu."

Ramona akanyamaza. Hilo ndilo kosa alilolifanya kweli, na hakuna mtu wa Kaltenrode aliyewahi kumcheka kwa hilo.

Siku ya kumi na moja Volkmar alipiga simu. Kelele zimekuwa nyingi, alisema. Wakubwa wanataka mtu mwenye nidhamu ya chakula. Wamemchukua Swantje, mkimbiaji kutoka mji mkubwa, msichana mzuri tu. Ramona aelewe. Antje hakupiga simu. Walikwenda, wakarudi na medali ya fedha, na bendi ya zimamoto ikawapokea stesheni. Ramona alikwenda pia, kwa sababu asingekwenda wangesema ana wivu, akasimama nyuma ya umati, na watoto waliomtambua wakaanza kuimba, "Ma-do-nge! Ma-do-nge!" Wazazi wao waliwakataza huku wakijizuia wasicheke. Hata kukataza kwenyewe kulikuwa kwa kejeli.

Lakini aliyeumia zaidi alikuwa mtaa wa juu, jikoni. Gazeti lilitoa picha ya sahani ya madonge na chini yake jina la Hannelore Ehrsam, la ukoo na la kwanza, mwanamke ambaye gazeti halikuwahi kumwandika popote isipokuwa siku alipoolewa. Kiwandani wenzake wakamcheka kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko matusi. Ramona alimweleza ukweli wote, kibao, skrubu, mlango uliofungwa.

"Mama, si wewe. Ni Antje."

"Unanifariji tu, mwanangu."

"Sikufariji! Nimekiona kwa macho yangu!"

"Mtoto aliyekula mezani kwangu miaka saba hawezi kufanya hivyo," Hannelore akasema. "Ulikuja Jumapili ile kabla ya mbio, ukala mawili. Nilikuona. Ningekupa supu."

Tangu siku hiyo hakupika tena madonge. Jumapili kulikuwa na bata, kabichi, na viazi vya kuchemsha vitupu. Kwenye harusi za watu, sahani ya madonge ikifika, aliweka uma chini na kusema ameshiba.

Ramona alikwenda kwa mhariri wa gazeti. Alikuwa kijana mwenye kiti cha kuzunguka, akakizungusha.

"Una ushahidi?"

Kibao kilishatolewa. Karatasi ya ukutani ilishachanwa. "Nilikuwepo," alisema.

"Mbona hukusema siku ileile?"

Alitoka pale. Jibu alikuwa nalo, ila kila alipolisema kwa sauti lilimfanya aonekane mjinga. Alikubali kudanganywa ili aende Olimpiki, na hakwenda Olimpiki.

Akapata kazi idara ya barabara, kuendesha gari la kusukuma theluji. Ni kazi ya heshima na aliifanya vizuri. Mtaa wake ulikuwa safi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Hata huko gereji hawakumwacha.

"Ramona, springi za gari zinalalamika!"

"Zinalalamika kwa sababu ya kitambi chako ulichokiegemeza," alijibu, nao wakacheka, na siku ikaenda. Alijifunza kujibu upesi, maana akichelewa waliona kwamba imemuuma. Aliolewa na Tino, fundi umeme, mtu mpole. Huko kwenye sherehe ya kuoana, meya alitoa hotuba, na katika hotuba mlikuwa na madonge.

Mwaka wa kumi na nne Mama Hannelore alilazwa. Mapafu yalikuwa yamechoka, rangi za kiwandani zilikuwa zimeyala. Siku ya mwisho aliyoweza kuzungumza alimvuta Ramona karibu.

"Nisamehe, Ramona. Kwa Jumapili ile."

"Mama, nilipima asubuhi. Nilikuwa sawa. Naapa nilikuwa sawa."

Hannelore alimpapasa mkono kama anavyopapaswa mtoto anayeficha kwamba ameanguka. Alikufa alfajiri akiamini kwamba alimnyima binti yake Olimpiki kwa kijiko cha kupakulia.

Baada ya hapo ikapita miaka minne. Halmashauri ikaamua kumpa Antje Röder heshima ya kuwa raia wa heshima wa mji. Ukumbi wa chama cha walenga shabaha ulijaa watu mia tatu. Ramona na Tino waliketi safu ya sita, kwa kuwa walialikwa kwa barua yenye muhuri. Antje alipanda jukwaani, nywele zimeanza mvi, akashukuru huyu na yule, kisha akakunja karatasi yake.

"Kuna jambo sijawahi kulisema," akasema. Akalisema. Kibao, skrubu, rekodi, kilo ya akiba aliyoiba. Alilia kidogo, kwa namna inayompendeza mtu jukwaani. "Ramona hakuwa na kosa lolote. Kosa ni langu."

Kwa pumzi mbili tatu alidhani imekwisha, miaka kumi na minane imekwisha. Kisha ukumbi ukasimama.

Walisimama wote, safu kwa safu, wakapiga makofi. Walimpigia Antje. Meya alikuwa akifuta macho. "Ujasiri ulioje!" mtu akasema nyuma. "Wangapi wangethubutu?" Volkmar, mzee sasa, ametulia zake safu ya kwanza, alipiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa, naye ndiye aliyeufunga ule mlango. Hakuna aliyegeuza shingo kuangalia safu ya sita, isipokuwa mwuza nyama, aliyekuwa kiti cha pembeni, akamgusa Ramona begani.

"Simama bwana, Ramona. Usiwe na kinyongo. Amekusafisha."

Ramona alikaa. Meya akamwita jukwaani kwa ajili ya picha, na makofi yakaongezeka, kwa hiyo akaenda. Antje alivua medali yake ya fedha shingoni, akamvika, na ukumbi ukatoa ile sauti ya watu wanaoguswa.

"Nisamehe," Antje akasema. Kipaza sauti kilikuwa karibu na kila mtu alisikia. "Miaka yote nilitaka kukuambia. Sikupata nafasi."

"Unakaa mtaa wa tatu kutoka kwangu, Antje. Nasukuma theluji mlangoni kwako kila asubuhi."

Makofi yakapungua, watu wakaketi mmoja mmoja. Ramona akavua medali, akaiweka juu ya meza, taratibu, isigonge.

"Hii sikuitaka. Nilitaka ugonge mlango wa mama yangu umwambie sentensi moja. Mimi nilimwambia mara mia, hakuniamini. Wewe angekuamini. Ulikula mezani kwake miaka saba. Miaka kumi na minne alikaa jikoni akijilaumu, na wewe ulikuwa unapita dirishani ukienda dukani."

"Ramona, jamani," meya akasema, akimshika kiwiko, "leo ni siku ya furaha."

"Ya nani?"

Meya akaachia kiwiko. Mpiga picha alishusha kamera. Ramona akasogea kwenye kipaza sauti, mwanamke mkubwa aliyevaa suti aliyonunua kwa mazishi, akawatazama safu kwa safu kama anavyotazama barabara kabla ya kuishusha bledi ya gari lake la theluji. Hakupaza sauti.

"Nyote mlisimama sasa hivi kwa Antje, miguu yenu naiona ni mizima. Basi nawaomba kitu kidogo. Aliyemcheka mama yangu, dukani, kiwandani, kanisani, hata mara moja, asimame tena."

Alingoja. Alingoja muda wa kutosha kuteremka njia nzima ya barafu, kona zote. Watu mia tatu walibaki wamekaa.